Kofia Tatu

"Vidonge umekunywa leo, mzee?"

"Sijanywa, kama mlivyosema."

"Tangu lini?"

"Tangu jana saa mbili usiku."

Muuguzi Rosemary akatia alama kwenye karatasi yake, akamsogezea Mzee Thadei kiti cha plastiki. Thadei hakukaa mara moja. Siku hizi kukaa kwake kulikuwa kazi: kugeuka kidogo kidogo kama lori kwenye uchochoro, kupapasa nyuma kwa mkono, kisha kujiachia. Mkewe, Oliva, alimshika kiwiko kwa namna ambayo asiyewajua angedhani ni mapenzi ya uzeeni. Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa ukicheza peke yake, kidole gumba kikisugua cha shahada bila kukoma. Kwa miaka ishirini na sita hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kule Namtumbo: kushika jani la tumbaku, kulisugua mara moja, kutamka daraja lake. Sasa jani hakuna, na vidole havikubali kuambiwa hivyo.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, kwenye baraza la nyumba iliyopangwa na mradi wa utafiti mjini Songea, yenye geti jipya na kamera juu ya mlango. Watu kumi na mmoja walikuwa wamekaa pale, wote wana ugonjwa mmoja, ule wa Parkinson, ambao mitaani unaitwa ugonjwa wa kutetemeka, na ambao miaka mingi uliitwa pombe.

"Thadei, leo umevaa koti," alisema Mzee Nassoro, mkulima wa korosho kutoka Tunduru, aliyefikia kwa bintiye hapo mjini. "Unakwenda kuposa?"

"Nakwenda kupimwa. Wewe je, mbona unanuka moshi wa jikoni?"

"Ndiyo maana mimi watanichagua, wewe watakurudisha. Hujifunzi tu, Mngoni wewe. Walipokuja wale wa kuandika kaya maskini, mbuzi wangu walilala kwa shemeji siku nne. Nikaandikwa wa kwanza. Jirani yangu, mtu wa sala tano, akaonyesha mbuzi wake watatu kwa ukweli wake wote. Hata jina hawakumwandika."

Baraza likacheka. Watu wenye ugonjwa huu nyuso zao hukakamaa kama zimepakwa udongo ukakauka, kwa hiyo cheko lao halionekani. Linasikika kooni tu.

Daktari Noela alitoka mwenyewe kumwita Thadei. Alikuwa binti wa kijijini Lusewa, amesoma mbali, akarudi na mradi wa watu wa mbali. "Shikamoo baba. Twende taratibu."

Chumbani alimvisha kofia ya kitambaa kizito, yenye vishikizo vinne vya chuma na waya zinazoteremka hadi kwenye sanduku dogo jeupe. Alimweleza kwa Kiswahili cha nyumbani, maana kile cha kwenye fomu hakuna aliyewahi kukizungumza.

"Kuna nchi, dawa zikianza kushindwa, wanatoboa fuvu na kuingiza waya mpaka ndani kabisa ya ubongo. Hii haitoboi, baba. Umeme mwembamba unatoka upande huu, mwingine upande ule. Kila mmoja peke yake unakwenda mbio mno, ubongo hauushtukii. Pale ndani unapokutana ndipo unapopiga polepole, na hapo tu ubongo unasikia."

"Kama mito miwili."

"Kama mito miwili. Ila nilikwambia na nakukumbusha: kuna watu kofia zao zinawaka, na kuna watu zimekaa kimya, ili tuweze kulinganisha. Ya nani ni ipi, hata mimi siruhusiwi kujua."

"Yangu inawaka," alisema Thadei.

Walimwacha nusu saa. Kisha Noela akampa kalamu na kumwambia achore mstari unaozunguka kama nyumba ya konokono. Wiki zote mbili zilizopita konokono wake alikuwa amekatika vipande. Leo mstari ulizunguka mara moja, mara mbili, mara tatu, ukafika katikati bila kuvunjika. Thadei aliutazama mkono wake. Ulikuwa umelala juu ya meza kama mkono wa mtu mwingine, mtu mwenye adabu.

"Mama Lidwina," aliita, sauti yake ikitoka nyembamba. "Njoo uone."

Oliva aliingia, akaona, akaziba mdomo kwa kitenge.

Kabla hawajaondoka, Rosemary aliwatangazia wote barazani. Jumatatu ijayo kungekuwa na kipimo cha mwisho cha awamu ya kwanza. Baada ya hapo watu watatu wangechaguliwa kufuatana na vipimo, nao wangepewa kofia zinazowaka kweli za kukaa nazo nyumbani miezi sita. Mtu mmoja aliuliza wanachaguliwa vipi. Rosemary akarudia, kwa upole aliofundishwa semina, "Kufuatana na vipimo."

Nassoro alimgeukia Thadei polepole, mwili mzima, kama mtu anayegeuza kabati. Alilivuta koti la mwenzake kwenye mkono, akaliachia.

*

Wanaokuja na karatasi husema watu wa huku hawaelewi maelekezo. Wanaelewa sana. Wamehesabiwa tangu babu zao. Mjerumani aliwahesabu kwa ajili ya kodi, walipokataa akawahesabu kwenye kamba za kunyongea, na inasemwa kuna vichwa alivyovifunga akaondoka navyo kwao kuvipima, na mpaka leo watu wanauliza viko kabati gani. Baadaye walihesabiwa kwa pamba, kwa tumbaku, kwa vijiji vipya, kwa vocha za mbolea, kwa kaya maskini. Kila hesabu ilikuwa na siri yake kuhusu nani atapewa na nani atanyimwa, na kila mara siri hiyo ilikaa mfukoni mwa mwenye kalamu. Mtu akifichwa kanuni miaka mia moja, hutunga ya kwake. Kanuni waliyoitunga ni moja: anayepata ni yule anayeonekana amekwisha.

Kwa hiyo Jumanne jioni, nyumbani kwao Msamala, wakati Oliva anachambua dagaa wa Nyasa kwenye ungo kwa ajili ya meza yake ya kesho, Thadei alisema, "Kuanzia kesho vidonge basi."

Oliva aliendelea kuchambua. "Daktari alisema usiku mmoja tu kabla ya kipimo."

"Alisema usiku mmoja kwa watu wote. Watu wote hawapewi kofia. Wanapewa watatu."

"Bila vidonge huwezi hata kufunga kifungo, Baba Lidwina."

"Ndiyo wanachotakiwa kukiona." Vidole vyake vilikuwa vikisugua. "Umeuona ule mstari?"

"Niliuona."

"Basi."

Oliva alijua kilichokuwa ndani ya neno hilo. Kwenye sala za jumuiya, mumewe ndiye aliyekuwa akipitisha kikapu cha sadaka. Sarafu zikaanza kupiga kelele mkononi mwake, watoto wakacheka, na katekista Egidi akamwambia mbele ya watu, "Pumzika sasa, mzee wetu." Alipumzishwa kama ng'ombe. Saimon wa dukani alikuwa akimuuliza kila asubuhi kama ulanzi wa leo, ile pombe ya mianzi, ni mtamu, mpaka Oliva alipokwenda kumwonyesha cheti cha hospitali, na Saimon akakisoma, akakirudisha, kesho yake akauliza tena. Na vidonge vyenyewe havikuwa vya kutegemea. Dirisha la dawa hospitalini mara nyingi lilisema havipo, wakavinunua famasi kwa faida ya dagaa, na siku dagaa hawakuuzika, Thadei alimeza nusu.

"Siku tano," alisema Oliva. "Jumatatu ukishapimwa unameza mbele yangu."

"Namezea pale pale barazani."

Oliva alikwenda akavifungia vidonge kwenye sanduku la nguo. Hakumwambia binti yao Lidwina, aliyekuwa Namtumbo na maneno mengi kwenye simu. Hilo walikubaliana bila kuliongelea.

*

Jumatano Thadei alitetemeka hadi mguu wa kiti ukawa unagonga sakafu. Alhamisi kichwa nacho kiliingia. Oliva alimlisha uji kwa kijiko, kifua chote kikalowa, na Thadei, akipumzika kati ya maneno, alisema, "Nassoro akiniona hivi atalia."

"Nyamaza, utapaliwa."

Ijumaa mkono ulitulia.

Oliva aliamka akaukuta umekaa juu ya blanketi, kimya kabisa, akadhani ni kofia bado inafanya kazi ndani kwa ndani. Alimshika. Mkono haukupinda. Aliuvuta kwenye kiwiko, ukaja kwa vipande, tak, tak, tak, kama mnyororo wa baiskeli uliokosa mafuta. Shingo ilikuwa vile vile. Macho tu ndiyo yaliyomfuata chumbani.

"Tumpe kimoja," alisema kwa sauti, kana kwamba kuna mtu wa tatu anayeamua.

Thadei alifunga mdomo. Aliufunga kwa nguvu zote alizobaki nazo. Ukutani palikuwa na kalenda ya parokia, na macho yake yalikwenda pale, kwenye Jumatatu.

Jumamosi hakumeza mate vizuri. Jumapili, watu wakiwa kanisani, mwili wake ulichemka, shati likalowa jasho, na Oliva aliyekuwa akimkanda kwa kitambaa cha maji alifungua sanduku la nguo mara mbili na kulifunga mara mbili. Alijiambia ni malaria. Alijiambia malaria ina dawa yake, itangojea kesho. Siku tano alizihesabu yeye mwenyewe kwa kinywa chake, na iliyobaki ilikuwa moja, na mtu aliyekwisha kulipa siku nne huwa mgumu kuzitupa.

*

Jumatatu walimleta kwa bajaji, Oliva akimshikilia kifuani. Alikuwa amemvalisha shati la zamani lililochanika kwapani. Koti alikuwa ameliacha nyumbani.

Watu barazani walivuta miguu kuwapisha. Nassoro alitazama kwa muda mrefu. Kilichokuwa machoni mwake, Mungu amsamehe, kilikuwa kijicho.

Noela alitoka na kalamu mkononi. Alipomgusa Thadei shingoni, kalamu ilianguka na hakuiokota.

"Ana joto tangu lini?"

"Jana. Malaria hiyo."

"Mama, amekunywa vidonge lini mara ya mwisho?"

Hapo ndipo Oliva alipoona mlango uko wazi mbele yao. Hatua moja tu. Wiki nzima walikuwa wametembea kuja kwenye swali hili hili, na jibu lake walikuwa wamekwisha kulipanga.

"Jana saa mbili usiku. Kama mlivyosema."

"Una uhakika?"

"Nilimpa mwenyewe."

"Siku zote amekunywa?"

"Siku zote. Ndivyo alivyo siku hizi, daktari. Amezidiwa. Hata wenzake hapa hakuna aliyefika alipo yeye." Aliinua sauti kidogo ili na Rosemary aandike.

Noela alimpima damu ya malaria kwa kipimo cha haraka, wakangoja dakika kumi na tano. Hakuwa nayo. Alimsikiliza mapafu. Alipiga simu kwa mtu, akasikika akisema, "Hapana, dawa anakunywa, mke wake yupo hapa." Aliuliza mara ya pili, Oliva akajibu vile vile. Pumzi ya Thadei ilikuwa imeanza kukoroma kama mtu anayelala, na hakuwa amelala.

Karibu saa nzima ilipita. Mara ya tatu Noela hakuuliza. Alipiga magoti mbele ya kiti cha Oliva, akamshika mikono yote miwili kama anavyoshikwa mama mzazi.

"Mama. Mimi ni mtoto wa Lusewa. Wale wa kuandika kaya maskini walipokuja, bibi yangu alizika sufuria. Nakuomba. Vidonge viko wapi?"

"Kwenye sanduku la nguo," alisema Oliva.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatano."

Noela alisimama. Alikuwa amegeuka rangi. "Rosemary, gari."

"Atapata nafasi lakini?" Oliva aliuliza, na akajisikia akiuliza.

"Mama, tunatafuta watu ambao hali zao ni imara. Wanaokunywa dawa kwa wakati. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa yeye."

*

Hospitalini walimpitishia bomba puani, wakasaga vidonge, wakavimiminia humo na maji. Joto lilishuka siku ya tatu. Mapafu yalikuwa yameingiwa na uji, na figo, walisema, zilikuwa zimeziba kwa uchafu wa misuli iliyokakamaa. Hakufa. Daktari wa wodi alisema hivyo kama mtu anayetoa zawadi. Ila sauti haikurudi, na kumeza hakukurudi, na alipogeuzwa ubavu aligeuka mzima mzima kama ubao.

Alhamisi mchana Noela alikuja na bahasha na fomu. Alivuta stuli akakaa karibu na Oliva. Lidwina, aliyekuwa amefika kutoka Namtumbo na bado hajamsemesha mama yake, alisimama dirishani.

"Mtu akiumia, tunaruhusiwa kufungua tuone alikuwa kundi gani," alisema Noela. "Nimefungua. Kofia ya baba ilikuwa ya kimya. Haikuwahi kuwaka hata siku moja."

Wodi ilikuwa na kelele za vijiko, maana ni saa ya chakula. Oliva alingoja zipite.

"Ule mstari niliuona kwa macho yangu."

"Uliuona. Hata mimi niliuona."

"Sasa mkono ulitulizwa na nini?"

"Kichwa chenyewe, mama. Kikiamini kimepata dawa, kinatoa kidogo ile ambayo kimepungukiwa. Inatokea sana kwa ugonjwa huu. Haidumu."

"Basi si mngemwachia hiyo," alisema Oliva.

Noela aliinamia karatasi. Akasoma, akitafsiri: kwamba mgonjwa aliacha dawa kwa hiari yake, kwamba hakuna mtumishi wa mradi aliyemshauri kuacha, kwamba tukio halihusiani na kifaa. Wakubwa wa mradi walitaka isainiwe kabla ya saa kumi, huko kwao ofisi zinafungwa mapema.

"Ni kweli hakuna aliyetushauri," alisema Oliva. "Naomba uandike na jambo moja. Tuliuliza mnachagua nani, mkakataa kutuambia."

"Tungewaambia, vipimo vingeharibika. Watu wangejifanya."

Lidwina, dirishani, alitoa mlio mfupi kwa pua.

"Andika hivyo hivyo basi."

"Hakuna sehemu ya kuandika hilo, mama. Ina visanduku tu, ndiyo na hapana."

Oliva alichukua kalamu. Alikuwa amesoma hadi darasa la saba na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa daktari. Alisaini mahali alipoonyeshwa, kisha akaigeuza karatasi, akaandika upande wa nyuma, mistari sita, bila haraka. Noela alisoma. Macho yalimlowa, akairudisha karatasi kwenye bahasha. Kule ofisini Rosemary aliipitisha fomu kwenye mashine ya kutuma, nayo ilikuwa inachukua upande mmoja.

*

Jumatatu iliyofuata Oliva alikwenda kwenye nyumba ya mradi. Hakuitwa. Kipimo cha mwisho kilikuwa kimesogezwa mbele wiki moja kwa sababu ya yaliyompata mumewe, na watu kumi walikuwa wamekaa barazani, wote wamevaa nguo za shambani.

"Hamjambo," alisema. "Nimekuja kuwaambia kitu. Kunyweni vidonge vyenu. Hawamtafuti aliyezidiwa. Wanamtafuta aliye imara."

Mwanamke mmoja wa upande wa Mbinga aliuliza polepole, "Nani kakwambia?"

"Noela mwenyewe."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, siku mume wangu alipoharibika."

"Na sasa mume wako yuko wapi?"

"Hospitali."

"Anatibiwa na nani?"

"Na hao hao."

"Bure?"

"Bure, lakini..."

"Sisi tukiwa imara turudi nyumbani," alisema mwanamke yule, "yeye alale na daktari pembeni. Nimekuelewa, dada."

Vichwa viliinama kukubali, au vilitetemeka. Kwa watu hawa ilikuwa vigumu kutofautisha. Oliva alimgeukia Nassoro, maana huyo angalau angetania. Nassoro alikuwa amekaa wima kwenye kona, mikono juu ya mapaja, ametulia kuliko wote.

"Shemeji yangu, niamini wewe," alisema, akainama, akamshika kifundo cha mkono.

Ulikuwa mgumu. Ulikuwa wa moto.

"Nassoro. Tangu lini?"

Midomo ya mzee ilichukua muda kupata njia. "Alhamisi," alisema. Macho yake yakapanda usoni kwake, yakabaki pale. "Usimwambie daktari. Nakuomba kwa Mola wako, Mama Lidwina. Leo ndiyo siku yenyewe."

Oliva aliuachia mkono. Alipita katikati ya magoti yao, akasukuma mlango wa ndani bila kubisha, akaita, "Noela."

Nyuma yake mtu alisema, wala si kwa sauti kubwa, "Mume wake kashindwa, sasa anatutoa na sisi." Na viti vikasogezwa, kimoja kimoja, kujaza nafasi ya Nassoro kwenye foleni.